Sifuri Iliyoliwa Kwenye Namba Yako

Mpwa wangu,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaituma. Ningekupigia, ila simu haiwezi kubeba maneno yangu yote.

Mimi mzima. Pale ghalani ninapofanya kazi, kompyuta siku hizi inaniogopa. Mwezi uliopita nilichapa humo namba za simu za ukoo mzima, kwa maandishi makubwa, nikampa mama yako karatasi. Kumbe ile mashine ni mlafi! Ikiona sifuri mwanzoni mwa namba, inaimeza kimyakimya. Mafundi watatu waliinua mikono. Mimi nikaikazia macho mpaka ikatoka jasho, nikaiamuru safu yote iwe maandishi, si hesabu, kabla ya kuchapa. Sifuri zikatulia. Zilizokwisha kuliwa hazikurudi, nikaziandika upya moja moja.

Lakini mama yako alikuwa na karatasi ya kwanza. Muda wote huo anabonyeza namba yako isiyo na sifuri, anaambiwa haipo. Juzi ndipo akanitobolea:

"Kaka, mwanangu kabadilisha namba ili anikimbie. Ni yale maneno niliyomwambia siku anaondoka."

"Acha hizo, dada, ni kompyuta!"

Hakucheka.

Karatasi mpya sasa anayo, ila anaogopa kubonyeza. Jumapili jioni nitakaa naye mpaka apige. Ana laini mpya, hutaitambua. Najua namba ngeni huwa hupokei. Hii pokea, mpwa wangu.

Ni mimi mjomba wako, mbabe wa kompyuta