Gari Lililotazama Lango

Jumatatu, 13 Januari

Siku ya tatu gari haliwaki. Betri nzima. Starta inazunguka kwa nguvu. Injini inakohoa mara mbili, kimya. Mvua tangu alfajiri. Saa sita jua likachungulia, Anli akazungusha ufunguo kwa utani tu, likawaka kama halina kosa lolote. Nusura nilipige teke.

Pikapu ni ya Anli, kaka yake mke wangu. Ya petroli, kuukuu, hubeba samaki kwenda mjini Palma. Fundi ni mimi. Nilijifunza kwenye karakana ya mkandarasi mmoja wa gesi, mpaka walipotupunguza. Tunakaa ua mmoja: mimi, mke wangu Mwanaisha, Anli, na Mama yangu. Mama amepooza upande wa kulia tangu Ramadhani.

Wale waasi wa msituni wakija, kijiji kizima kitakimbilia mikokoni. Mama hawezi. Mwezi uliopita, kijiji cha jirani, wazee walioachwa ndani walichomwa pamoja na nyumba zao. Kwa hiyo gari hili si la samaki tena. Ni miguu ya Mama.

Jumanne, 14 Januari

Anli anasema petroli ina maji. Tunainunua kwa Saide, anaiuza kwenye chupa pale njiani. Nilikwenda kwake hasira imekwisha kunipanda. Nikamwambia anatuuzia maji. Akacheka. Nikampiga ngumi ya mdomo. Jino la mbele likatoka. Binti yake alikuwa amekaa palepale anachambua mchele.

Nikarudi, nikaimwaga petroli ya kabureta kwenye glasi. Safi. Hakuna hata tone la maji.

Mkono umevimba. Naona haya. Sijaenda kumwambia.

Jumatano, 15 Januari

Mchana liliwaka, Anli akapeleka samaki. Kwenye kizuizi cha askari mvua ikamkuta. Wakamwamuru azime injini, wapekue. Akazima. Walipomwambia aondoke, halikuwaka. Siku hizi gari linalogoma kizuizini watu huamini lina bomu. Wenye bunduki wakamshusha, wakamlaza matopeni, wakampiga kwa vitako vya bunduki huku wakimwuliza imamu wake ni nani. Akimtaja wanampiga, akinyamaza wanampiga.

Mkono wa kushoto umevunjika. Lori la mkaa ndilo lililomvuta hadi hapa. Mwanaisha amemfunga vipande vya mianzi. Anli hakulia. Kosa ni la fundi, na fundi ni mimi.

Alhamisi, 16 Januari

Asubuhi, mvua. Nilichomoa vela moja, plagi ya kutoa cheche, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, Mwanaisha akazungusha ufunguo. Hakuna cheche. Saa nane, jua kali, vela ileile: cheche ya buluu, inalia tap tap tap. Si petroli basi. Ni umeme. Jino la Saide limekwenda bure.

Nikafungua kofia ya distributa, pale umeme unapogawanywa kwenda kwenye kila vela. Ndani imebaki na unyevu, kama sufuria iliyofunikwa. Kofia mpya iko mji wa Pemba, kusini, na barabara imefungwa. Nimeipangusa kwa kitambaa chenye petroli, nikaifunga ndani ya mfuko wa plastiki.

Milio ya bunduki upande wa kijiji cha Mute. Bado mbali.

Ijumaa, 17 Januari

Plastiki imezidisha ubaya. Jasho halina pa kutokea. Nikauchana mfuko vipande vipande. Kisha, sijui kwa nini, nikailamba ile kofia. Chumvi. Nikakaa chini matopeni nikacheka peke yangu mpaka Mwanaisha akatoka kutazama.

Tangu vita vianze, kila mwenye gari hapa hulilaza pua ikitazama lango, asipoteze muda kugeuza. Lango letu linatazama bahari. Kaskazi inavuma na mvua yake usiku kucha, inapita wavu wa mbele, inaingia moja kwa moja kwenye distributa. Tumeliweka tayari kukimbia, na ndiyo maana halikimbii.

Nikaligeuza. Mkia baharini, pua jikoni. Kuilaza kofia ndani ya nyumba nako nilifikiria: nyaya tano, kila moja na mahali pake, na mikono inatetemeka. Hapana. Kutoka kinyumenyume hadi njiani ni kuhesabu ishirini. Nimejaribu mara tatu.

Jirani alipita akauliza kama nimekata tamaa ya dunia.

Jumamosi, 18 Januari

Mvua usiku mzima. Asubuhi, mguso mmoja tu, likawaka. Nilimkumbatia Mama. Akasema kwa mdomo wake wa upande mmoja, "Sasa nenda kamwombe radhi Saide."

Nikaenda. Nikamwomba radhi mbele ya binti yake. Akasema yameisha, ila hakunipa mkono. Ana haki.

Nimerudi magharibi inakaribia, gari limegeuzwa. Pua langoni. Anli na majirani wawili wamelisukuma. Nikamweleza upepo, chumvi, ule unyevu. Nilieleza vizuri, mara ya kwanza. Mara ya pili nilikuwa napiga kelele.

Anli akasema, "Não, hapana, shemeji. Gari langu. Gari linalotazama jiko ni la mtu anayengoja kufa."

Nikamshika. Nikaushika ule mkono uliovunjika, kwa makusudi, nikauminya. Akapiga magoti. Mwanaisha akanipiga mgongoni kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika.

Ningeweza kuligeuza tena. Ni kazi ya dakika tano. Sikuligeuza. Nilisema na lilale hivyohivyo, asubuhi ligome, aone mwenyewe fundi ni nani.

Mvua imeanza.

Jumatatu, 20 Januari. Palma.

Naandika kwa penseli ya kuazima.

Walikuja jana, watu wanatoka swala ya alfajiri. Saide walimkata pale njiani kwake. Petroli yake wakaimwagia mapaa ya makuti. Binti yake sijui. Kila mtu alikuwa anakimbilia mikokoni. Tukampakia Mama nyuma, Mwanaisha akapanda naye, akamweka kichwa mapajani, nikashusha turubai juu yao. Nikazungusha ufunguo.

Likakohoa mara mbili, kimya.

Anli alinitazama. Akachukua panga kwa mkono wake mzima, akaenda kusimama langoni.

Nikafungua boneti. Vibanio viwili vya kofia. Nikapangusa ndani ya kofia kwa ushungi alionirushia Mwanaisha kutoka chini ya turubai. Kelele langoni, watu wengi. Kisha nikamsikia Anli, sauti ambayo sikujua anayo. Nikapangusa tena, kwenye kila pembe, taratibu, maana ukiacha tone moja umefanya kazi bure. Mikono haikutetemeka. Sijisamehe kwa hilo. Nikafunga. Likawaka.

Lango letu lina upana wa gari moja. Wawili walikuwa wamesimama pale, mapanga mikononi, wakaruka pembeni. Anli alikuwa amelala katikati. Mkono wenye mianzi ulisogea. Au macho yangu ndiyo yaliyotikisika. Mama alikuwa nyuma.

Sikusimama.

Bodi ina matundu matatu ya risasi. Mama hakuguswa. Mwanaisha hakuguswa. Innalillahi.

Jumanne, 28 Januari

Mvua. Tupo uani kwa binamu yake Mama. Gari nimelilaza mkia baharini. Linawaka kila asubuhi, mguso mmoja. Mama hanywi chai mpaka alisikie.

Leo Mwanaisha alikuwa anapuliza moto. Akauliza bila kugeuka, "Tulipotoka, pale langoni, ule mtikisiko ulikuwa wa nini?"

Nikasema ni mzizi wa mnazi.

Pale langoni alikuwa akifagia Mwanaisha, kila asubuhi, miaka sita; anajua hakuna mzizi. Alimpa Mama chai, kisha akanipa mimi yangu, akaongeza sukari kama nipendavyo. Nilikunywa. Halafu nikatoka kuipangusa kofia, ingawa ilikuwa kavu.