Ukungu wa Juu ya Kibirichia

Mwenda, ndugu yangu,

Sijui barua ya mtu aliyepotea hupelekwa wapi. Aliyekufa mtu humsomea kaburini, na aliyehama hutumiwa kwa posta. Wewe hukutuachia kaburi wala anwani. Kwa hivyo naiandika hadharani, yeyote aisome, na kama kuna njia ya kukufikia basi itaipata yenyewe.

Naanza na asubuhi ile, maana kila nikikufikiria ndiko ninakoanzia. Nilikuwa nimekuja nyumbani Kibirichia, chini ya mlima, kusaidia kuvuna viazi. Ulitoka jikoni na lile sweta la samawati alilokufumia mama, kamera shingoni, ukasema unapanda msituni kabla ukungu haujainuka. Mama akakwambia, "Kunywa chai kwanza." Ukainywa ukiwa umesimama. Nilikutazama ukipita katikati ya mistari ya viazi, ukiinua miguu juu juu usije ukakanyaga mashina, hadi kwenye ua wa stima wa kuzuia ndovu, mlinzi akakufungulia kilango. Ukungu ulikuwa umelala chini. Ulikumeza miguu, kisha kiuno, kisha mabega. Kichwa chako kilikaa juu yake kidogo, kama cha mtu anayevuka mto, halafu nacho kikaingia.

Hakuna aliyekuona tena.

Tulikutafuta, Mwenda. Kijiji kizima kilipanda, na askari wa msitu wakaja na mbwa. Mama alibeba sufuria na mwiko, akawa anaigonga njia nzima, eti wewe hata ungekuwa umezimia ungeamka kwa kusikia chakula. Hatukupata kiatu. Hatukupata kamera. Wengine walisema ni ndovu, wengine wakasema kuna mabonde ambayo mtu akitumbukia hatoki. Jirani mmoja akasema pengine ulishukia upande wa pili wa mlima ukaenda zako kuanza maisha mengine. Huyo alidhani anatufariji. Lakini neno lake ndilo lililokaa nyumbani kuliko yote, maana kuanzia siku ile mama alilala bila kukomea mlango, na kila jioni alipakua sahani yako akaifunika.

Nakumbuka vile kamera ile ilivyotutatiza. Kwetu picha ni ya mtu: amevaa vizuri, amesimama mbele ya maua, anaangalia mbele. Binamu yetu alipoolewa Kiirua, ukaombwa upige picha za harusi. Ukarudi na picha za nyasi zilizokanyagwa, kivuli cha hema kwenye matope, mikono ya akina mama ikimenya ndizi. Mama alizipitia zote akazirudia.

"Bibi harusi yuko wapi?" akakuuliza.

"Si huyo hapo mlangoni?"

Tukainama sote kuangalia. Ilikuwa ncha ya shela, inatoka nje ya picha. Binamu hakusema nawe mwaka mzima, nasi tulicheka hadi mama akatufukuza jikoni. Lakini ncha ile ya shela sijawahi kuisahau. Sura ya bibi harusi mwenyewe siku ile siikumbuki.

Halafu kuna siku uliyonichukua msituni. Ulinikalisha kwenye gogo lenye ukoga wa kijani, chini ya miti ile mikubwa yenye manyoya ya kijivu yanayoning'inia kama ndevu, ukaniambia tunyamaze. Mimi nikawa nageuza shingo huku na huku. Nilitaka nione mbega, nione ndovu, nipate cha kusimulia. Ukanishika bega. "Usitafute kitu, Kendi. Ukitafuta kitu utaona hicho tu." Nilikaa. Baridi ikanipanda mgongoni, na baadaye kidogo nikaanza kusikia maji, ambayo yalikuwa yakitiririka hapo karibu tangu tulipofika.

Ulipopotea nilihamia Embu. Watu walidhani nimefuata kazi, na kweli nilipata kazi kwenye duka la dawa, nikaolewa, nikamzaa Makena. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naukimbia mlima. Kibirichia kila njia uendayo mlima uko mwisho wake. Embu unauona kwa mbali, kwa upande mwingine kabisa, asubuhi tu, halafu mawingu yanaufunika. Nilifikiri huko utakuwa umenipa mgongo.

Haukunipa. Nilikuwa nahesabu vidonge dukani nakusikia ukikohoa kwenye foleni. Ninainua kichwa, ni mzee anangoja dawa ya kifua. Sweta lolote la samawati sokoni lilinigeuza. Siku moja nilimfuata kijana hadi stendi, akageuka na kuniuliza kwa heshima, "Mama, umepoteza kitu?" Nikamwambia hapana.

Mwaka huu Makena, mpwa wako ambaye hukumjua, aliniburuta kwenye maonyesho ya picha katika ukumbi mmoja hapa mjini. Anasoma sanaa shuleni, mwalimu wao alikuwa amewahimiza waende. "Mum, si utaona tu, ni za bure," akaniambia. Picha zilikuwa za msichana wa Gachoka anayeitwa Wanja. Ukuta mmoja ulikuwa wa kwao Mbeere: mto uliokauka, kwato za mbuzi kwenye mchanga, mti wa miiba uliobakiwa na kivuli tu. Nikapita nikiangalia kama mtu anayepita dirisha la duka. Kisha nikageukia ukuta wa pili.

Ilikuwa kubwa kama shuka ya kitanda. Ndani yake hakukuwa na kitu ila ukungu. Ukiuangalia zaidi, shina la mti lilianza kujitokeza upande wa kushoto, na chini kabisa, gogo lenye ukoga, nalo si wazi. Zaidi ya hapo ni weupe, lakini weupe wenye kina, kama kwamba kuna mtu amepita sasa hivi na hewa haijatulia. Nikanusa sufu iliyoloa. Naapa, Mwenda, nilinusa sweta lako. Nikaketi kwenye benchi lililokuwa hapo.

Makena alinikuta nalia. Akaenda kumwita Wanja, nadhani kwa kutojua la kufanya. Wanja akaja akakaa kando yangu.

"Uliipigia wapi?" nikamuuliza.

"Meru huko, juu ya Kibirichia. Nilikaa hapo tangu asubuhi nikiomba ukungu uondoke nipige miti. Ukakataa kuondoka. Mwishowe nikapiga ukungu wenyewe."

Nikamweleza habari zako, zote, mbele ya mtoto wangu ambaye nilikuwa nimemwambia tu kwamba mjomba wake alifariki zamani. Nilipomaliza nikamuuliza lile swali ambalo hata mimi nililionea aibu.

"Hukuona mtu?"

Wanja akanigeukia. "Hapana, dada," akasema. "Ningeweza kukwambia nilihisi kitu. Lakini ningekuwa nakudanganya, na hapo si mahali pa kudanganyia mtu."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Wengi walikuwa wamenipa majibu matamu.

Nikampigia mama simu, nikamwambia kuna picha ya msitu wetu, aje aione. Hakuuliza maswali. Alifika siku ya mwisho ya maonyesho, amevaa gauni la kanisani, mkoba kifuani. Nikamshika mkono hadi mbele ya ile picha. Akatoa miwani, akaivaa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumdaka asianguke. Hakuanguka. Aliisogelea picha, halafu akasema kwa Kimeru, polepole, kama mtu aliyetapeliwa:

"Kumbe ni kuzuri."

"Mama?"

"Miaka hii yote nimekuwa nikimwona mahali pa giza. Kwenye shimo. Kwenye meno ya mnyama. Kila nikifumba macho ni hapo." Akanigeukia, na mara ya kwanza tangu utotoni nikamwona mama amekasirika kwelikweli. "Mbona hakuna aliyewahi kuniambia ni kuzuri?"

Sisi sote tuliokwenda kukutafuta tulikuwa tumeutazama msitu ule kama mtu anavyomtazama mwizi. Mama akakaa kwenye benchi mpaka wakaanza kuzima taa. Aliponyanyuka akasema, "Nipelekeni."

Tulipanda Wanja, mama, mimi na Makena, pamoja na mlinzi wa msitu aliyetutangulia akisikiliza ndovu. Mama ana magoti mabaya siku hizi, alikuwa anapumzika kila baada ya mwinuko, lakini hakukubali kushikwa. Tulipofika, Wanja akasimama, akaonyesha kwa mkono bila kusema. Nililijua gogo lile. Lakini sina hakika. Msitu una magogo mengi.

Mama akaita. "Mwenda, ûka." Njoo, kama alivyokuwa akikuita toka shambani. Akaita tena, akanyamaza akisikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja. Ukungu ulikuwa unapita katikati ya miti bila haraka. Hakuna ndege aliyelia. Makena akanishika mkono akaubana, na mkono wake ulikuwa wa baridi kabisa.

Kisha mama akafungua mkoba wake, akatoa kiazi kilichochemshwa, kimefungwa kwenye kitambaa. Akakimega. Nusu akaiweka juu ya ukoga, nusu akaila akiwa ameketi, akitafuna polepole kwa yale meno yake machache. Alipomaliza akajipangusa mikono kwenye gauni.

"Mwenda, nimechoka kukungoja," akasema. "Sasa wewe ndiwe uningoje mimi."

Hapo ndipo mlinzi alipovua kofia.

Tuliposhuka mama aliwaita wazee wa kanisa, akakubali ile ibada ya kumbukumbu aliyokuwa akiwakatalia miaka yote. Tatizo likawa picha ya kuweka mbele. Ulikuwa unapiga tu, hukupigwa. Yako pekee iliyokuwepo ni ya kitambulisho, ambayo ndani yake umetoa macho kama uliyeshikwa na polisi. Mama akaikataa. Wanja akatuletea ile ya ukungu, akakataa tuzungumzie bei, tukaisimamisha juu ya meza kati ya maua. Watu walipita mbele yake kwa mstari kama wanavyopita mbele ya jeneza. Baba mdogo akanijongelea akaninong'oneza, "Sasa huyu Mwenda yuko wapi hapa?" Kabla sijamjibu nikaona mwenyewe anaegemea mbele, macho ameyafinya, anatafuta. Hakurudi kwenye kiti chake upesi.

Ningependa kukwambia kwamba tangu siku hiyo tuna amani. Mama anayo, nadhani. Analala, na hapakui tena sahani yako. Mimi bado. Bado nakusikia kwenye foleni ya dawa, ila siku hizi siinui kichwa haraka, nakuacha ukohoe. Nilizoea kufikiri ukinijia hivi ni kwa sababu una shida, kuna kitu unataka nikufanyie. Siku hizi nafikiri pengine huna haja yoyote. Pengine umekaa tu mahali, na mimi ndiye napita karibu.

Nimenunua kamera. Si nzuri, na mimi si hodari. Wanja hunionyesha kidogo kidogo akipita Embu, na nikienda kumwona mama hupanda hadi ukingo wa msitu na mlinzi. Picha zangu Makena huziangalia akakunja uso. "Mum, hapa hakuna kitu." Namwambia angoje. Sitafuti chochote nikiwa huko, kama ulivyonifundisha, na imenichukua umri wangu wote kulielewa neno lile. Napiga umande kwenye nyaya za ua. Napiga gome la mti.

Wiki iliyopita nilikuwa huko asubuhi. Mlinzi alikuwa amebaki nyuma akizungumza kwa simu. Nikasimamisha kamera nikingoja ukungu ufike pale nilipotaka. Ndipo nikajua kuna mtu nyuma yangu. Sikusikia hatua wala kijiti kuvunjika. Nilijua tu, vile mtu hujua usingizini kwamba kuna aliyeingia chumbani. Nywele za shingo zilinisimama. Joto dogo likanigusa bega la kulia, kama pumzi.

Sikugeuka. Usifikiri niliogopa, Mwenda. Nilijua nikigeuka nitaona miti, na nilitaka ukae kidogo. Kwa hivyo nikasogea kushoto, nikakuachia nafasi ya kuona, nikakuonyesha kwa kidole pale ambapo mwanga ulikuwa unaanza kupasua ukungu. Tukautazama pamoja mpaka ukaisha.

Haya, ndugu yangu. Mimi nashuka. Kuna baridi huko juu, jifunike.

Ni mimi, dada yako,
Kendi