Ile Kamwene Uliyoiacha Kituoni

Kaka yangu,

Kamwene. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza habari kabla ya salamu. Wewe ndiye uliyenilea hivyo.

Tangu tukuzike, programu uliyowaandikia watu wa kituo cha maziwa cha Idodi naitunza mimi, nikiwa huku Mbeya. Mwezi uliopita meneja wao alinipigia, hata pole hakunipa. Programu inachelewa kufunguka. Nisipoirekebisha ataitupa, anunue nyingine. Niliogopa, Kaka. Nguo zako tumeshagawa. Hiyo programu ndiyo pekee iliyobaki inayofanya kazi kwa mkono wako.

Siku hizi kuna msaidizi wa akili unde. Unafungua lile dirisha jeusi ulilolipenda, la kuandikia amri, unamweleza shida kwa Kiswahili, naye anasoma mafaili yote na kurekebisha mwenyewe. Ungemcheka kwanza, halafu ungemng'ang'ania mpaka chai ipoe. Nikamwambia atafute kinachochelewesha. Akajibu kwamba hakuna kilichoharibika: kila inapofunguliwa, programu inaandika "Kamwene", kisha inakaa kimya sekunde chache bila kufanya lolote. Akauliza kama aufute ule ukimya.

Nililia. Nilikutambua papo hapo. Nilikusikia kabisa: "Mtu hajaitikia, we ushaanza kumtajia shida!"

Lakini nikakubali ufutwe. Nilitaka programu ibaki, hata ikibaki pungufu. Ikaanza kufunguka mara moja, meneja akaridhika, nami nikakaa siku nzima sina hamu ya kula.

Juzi akanipigia Mama Semkiwa, yule anayepima maziwa. Hakulalamika. Aliuliza tu, taratibu: "Mwanangu, mbona siku hizi huyu kaka yako hanisubiri nimwitikie?"

Kumbe muda wote huo alikuwa akikujibu. Sisi tuliacha kulitaja jina lako ili mama yetu asilie, kumbe Mama Semkiwa kila alfajiri anasalimiana nawe mbele ya madumu ya maziwa.

Nimemwagiza msaidizi aurudishe ukimya wako, na juu ya mstari wake ndani ya programu nimeandika mwenyewe kwamba usiguswe. Meneja akija juu, nitapanda basi nimfuate hukohuko. Nitaanza kwa kumsalimia.

Pumzika, Kaka. Nakuahidi, maadamu nipo, hakuna atakayepima maziwa pale kabla hujaitikiwa.

Mdogo wako,
Neema