Kijani cha Tangi la Uani

4 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Kifua kinasemaje? Huku mimi mzima, ila kitambi hufika kabla yangu kila niendako.

Uliuliza kazi yangu hasa ni nini. Nafuga bakteria, Baba, wale wa kijani wanaoishi kwa mwanga wa jua kama majani. Tumewapandikiza vinasaba ili watengeneze kiyeyusho cha kuoshea brashi za rangi, kisitoke tena kwenye mafuta ya ardhini. Kinanukia maganda ya machungwa. Nikikinusa, nalikumbuka shati lako la upakaji rangi, lilivyonuka tapentaini, na kikohozi chako kilivyokutangulia mlangoni.

Tatizo, wangu ni wa kudeka, wamelelewa kwa taa za maabara. Nikiwatoa nje wanakufa kwa jua. Mkubwa wangu amesema mwaka ukiisha hivi, mradi unafungwa. Ndipo nikakumbuka tangi la uani na ule utelezi wa kijani niliousugua kila Jumamosi, nao kila Jumamosi ukarudi. Nichotee kichupa tu. Hao wamelizoea jua.

Mwanao kitindamimba

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinalia kama bawaba yenye kutu.

Barua yako imechelewa. Dada yako alinidokeza kwamba unakuja likizo, nikaona nisiaibike mbele ya msomi. Nimelisugua tangi na kulipaka chokaa. Ni jeupe kama jino. Utoto wako wote nilikuamuru uusugue huo uchafu, leo unauhitaji, nami nimegeuka msafi.

Lakini pokea kifurushi. Unajua sijawahi kulaza brashi chafu. Siku hiyo kikohozi kilinishinda, nikaitundika brashi niliyosugulia tangi hivyo hivyo, bila kuiosha. Ni ile yako, uliyotafuna mpini wake utotoni. Imekauka, ila kwenye mashina ya nywele naona kijani. Usimwambie mtu kwamba fundi rangi amekutumia brashi chafu.

Baba yako

17 Novemba

Baba,

Shikamoo tena. Samahani kwa ukimya na kwa likizo niliyoikosa, nilikuwa nalea.

Niliiloweka brashi. Wiki nzima, maji matupu. Kisha yakaanza kuwa kijani, nikacheka peke yangu kama mwehu. Tukawapandikiza bakteria hao vinasaba, wengi wakakataa, wachache wakakubali. Jana adhuhuri, jua likichoma utosi, nilifungua pipa lao lililo nje: harufu ya maganda ya machungwa. Mkubwa akainama, akanusa, akanusa tena. Akasema, "Haya, endelea."

Kiyeyusho cha kwanza ni kidogo, hakijazi kijiko. Nimeoshea ile brashi. Naja nayo Jumamosi, na wala haitakukohoza. Alama za meno yangu bado zipo kwenye mpini.

Tangi usiliguse, acha kijani kirudi. Kuhusu brashi, ulinifunza mwenyewe: hailazwi chafu.

Mwanao