Sijaacha Dini, Baba, Nilikuwa Namlilia Dani

Chuoni, Nairobi
Jumapili mchana, nimetoka kanisani (ndiyo, nimeenda)

Baba yangu mpendwa,

Kabla ya mengine yote, mguu unaendeleaje? Mama aliniambia ule wa kukanyagia cherehani umevimba tena, na najua ukiulizwa utasema ni viatu. Si viatu, Baba. Funika mashine siku mbili tatu upumzike, nguo za soko la Kibuye hazitaisha. Na Mama, kifua kimetulia? Mvua imefika, ama bado mnayatazama mawingu yakipita kwenda kunyesha Kericho? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, mashavu yameongezeka, na baridi ya huku nimeizoea isipokuwa asubuhi.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Ningeandika kwa Dholuo, ungemtafsiria Mama, na nakujua, Mzee wangu: ukifika mahali panapokugusa unaruka mistari. Mama wa watu katoka Maragoli kuja kuolewa na wewe, angalau apate barua nzima. Kwa hiyo hii muisome pamoja, na karatasi ashike yeye.

Baba Mdogo Ouma alinifikia Jumanne. Kwanza alinipa dagaa wa omena na karanga za Mama, akasubiri nifurahi, ndipo akatoa ujumbe wako. Alisimama pale nje ya bweni, kofia mkononi, akasema, "Mzee amesema uchague moja. Ama dini, ama hiyo mavitabu ya Kizungu inafundisha watu kulia. Zote mbili hapana. Hata mimi, Akinyi, nimetumwa tu."

Nikamuuliza kama umekasirika.

"Hajakasirika. Ameogopa," akasema. "Afadhali angekasirika, tungejua ya kufanya."

Baba, neno hilo limenikaa moyoni wiki nzima. Ningeweza kuvumilia hasira yako, nimeivumilia tangu utotoni na huwa haipiti chakula cha jioni. Lakini wewe kuniogopea! Nilijua maana yake. Ulisimama mbele ya kanisa lote ukashukuru kwamba binti yako amekwenda kusomea mambo ya Mungu, na sasa mnunuzi mmoja pale kibandani anakuambia kwamba binti huyo huyo amelia matanga chuoni na hakuna aliyekufa. Unadhani nimekupotea.

Siku ya mwisho ya kubadilisha masomo ilikuwa Ijumaa iliyopita. Nitakuambia nilichofanya. Lakini kwanza nisikilize kwa ile subira unayowapa wateja wanaotaka koti la mtu mnene liwakae wao wembamba.

Nililia, ni kweli. Ilianza hivi. Asubuhi huwa tuna fasihi ya Kiingereza. Mwalimu wetu ni mama mmoja wa Nyeri tunayemwita Mama Chaki, kwa sababu hata nywele zake zina chaki, na ni mkali lakini ana roho nzuri. Muhula huu tunasoma mashairi ya kuomboleza wafu. Waingereza nao, Baba, kumbe hulia! Wanalia polepole, kwa mistari iliyopangwa vizuri, lakini wanalia, na wanamuuliza Mungu maswali ambayo wewe ungewatoa nje ya kanisa. Mchana wa siku hiyo hiyo tuna dini. Anatufundisha mchungaji mstaafu kutoka Taita, mtu mpole anayeanza kila kipindi kwa kutafuta miwani iliyo usoni pake. Naye wiki hiyo alikuwa akitusomea zile nyimbo za Maandiko unazopenda kutusomea baada ya chakula. Ila alisoma zile unazozifunua na kuzipita haraka, ambazo mtu anamlalamikia Mungu waziwazi kuanzia mwanzo hadi mwisho na hakuna anayemwambia nyamaza.

Niliketi pale nikaacha kuandika. Asubuhi Mwingereza amemlilia rafiki yake, mchana mtu wa Mungu analia vilevile, na mimi katikati namsikia Dani. Kweli, Baba, nilimsikia mama yako. Alivyokuwa akiitwa kwenye matanga yote kuanzia Awasi mpaka Ahero, akifunga leso kiunoni, akimsifu marehemu na kumgombeza kifo kana kwamba ni jirani aliyeiba kuku. Watu wanaoniambia nichague moja, nawaheshimu, na wewe nakuheshimu kuliko wote. Lakini kwenye mdomo wa Dani mambo hayo hayakuwa mawili. Alikuwa akimaliza kulia anafunga macho na kuomba, na sauti haikubadilika.

Sasa Mama Chaki akatupa kazi: kila mtu alete maombolezo ya kwao, ayatoe mbele ya darasa kwa lugha yake, kisha ayafasiri kwa Kiingereza. Mimi ningeleta ya nani kama si ya Dani? Nilianza kukumbuka vipande vyake, na palipokosekana nikajaza mwenyewe. Na kwa kuwa chumbani Mwende, mwenzangu anayetoka Machakos, alikuwa akisoma hesabu zake, nikaenda kufanyia mazoezi kwenye chumba cha kufulia nguo. Ni chumba cha saruji, Baba. Sauti humo inakua.

Sikuwa nimefika mbali. "Nyar Sondu, binti wa Sondu, moto wako umezimika, nani atanigombeza nikichelewa kutoka kisimani?" Hapo tu, nikasikia beseni likianguka huko nje. Mara mlango ukafunguliwa, wasichana wa kwetu wakaingia mbio, wa Siaya, wa Homa Bay, mmoja na sabuni bado kichwani, wote wanalia! Atieno wa Ahero, yule niliyekuambia ana sauti ya kuita ng'ombe, akanikamata mabega.

"Ng'a motho? Nani amekufa? Si useme! Ni mama ama ni mzee?"

"Hakuna mtu amekufa," nikasema. "Ni ya klasi tu."

"Ya klasi?"

"Mwalimu alisema tulete kilio ya nyumbani. Nilikuwa napraktisi."

Yule wa sabuni akacheka, lakini Atieno hakucheka. Unajua watu wetu. Kilio bila maiti ni kama kumwita kifo aje achague. Hata mimi, nilipoona uso wake, nilishangaa jinsi vitabu vilivyonisahaulisha jambo ambalo kila mtoto wa Awasi analijua.

"Akinyi, wewe ni mjinga na hiyo masomo yako yote," Atieno akasema. "Kilio ikishatoka haiwezi rudi. Lazima ikuwe na mwenyewe. Kwanza ulikuwa unaita nani? Nyar Sondu ni nani?"

"Ni dani yangu."

"Yuko?"

"Alikufa nikiwa sekondari."

"Basi si alishaliliwa. Muache apumzike."

Na mimi nikasema, "Hakuliliwa. Tuliimba."

Sikukusudia kusema hivyo, Baba. Sijawahi kulisema popote. Atieno akaufungua mlango uliokuwa umejifunga nusu, akafungua leso yake na kuifunga upya, kwa nguvu, kama wanavyofanya. Kisha akaanza. Hamjui Dani, hajawahi hata kumwona, lakini kwa yale niliyowahi kumsimulia alimlilia kama amemlea, nyar Sondu, mama wa fundi, mwenye sauti iliyowazika wengine na yake ikazikwa kimya. Wengine wakapokea. Tulilia katikati ya nguo zilizoanikwa, maji yanatudondokea. Mwende alikuja kuangalia kuna nini, na ingawa hajui neno hata moja la Dholuo, alishika beseni langu akalia naye, tena baadaye alikuwa wa mwisho kunyamaza. Mlezi wa bweni alipofika alikuta macho mekundu tupu, akaenda kutuletea chai.

Hicho ndicho kilio ulichosikia habari zake Kibuye. Waliokuletea hawakudanganya, walipungukiwa tu.

Darasani siku iliyofuata nilisimama nikatoa yale maombolezo. Kwa Dholuo yalikwenda. Kwa Kiingereza yalichechemea, na Mama Chaki aliniambia hivyo mbele ya watu, nikakubali. Lakini tangu siku hiyo kuna kitu kimetulia kifuani mwangu ambacho sikujua kwamba hakikuwa kimetulia.

Baba, nakumbuka matanga ya Dani. Nakumbuka wanawake wa Sondu, watu wa kwao, walivyofika wakikimbia na matawi mikononi, na sauti zao zikasikika kabla hatujawaona. Ukawaendea mpaka langoni, na suti yako nyeusi, ukawaambia kwa upole kabisa, "Mama zangu, hapa tunaimba, hatulii." Walikuheshimu. Waliyaweka matawi chini wakaketi kando ya ua, na hawakuonja chakula, na wakaondoka jua likiwa bado juu. Sikulaumu. Ulikuwa mzee wa kanisa, ndugu wote wa uamsho walikuwa wanakutazama waone kama ulichokuwa ukiwahubiria wengine, kwamba waliookoka hawalii wafu, utakifanya kwa mama yako. Ulikifanya. Na mimi niliyekuwa mtoto niliona fahari.

Lakini niliona na jambo jingine. Siku iliyotangulia ulijifungia na cherehani, ukamshonea Dani gauni lake la mwisho, lile jeupe. Hukutaka fundi mwingine aliguse. Mashine ililia mchana kutwa. Na tulipomvisha, mimi na Mama tuliona pindo la chini limekwenda upande, wewe ambaye hujawahi kumpa mtu hata kaptura ya shule yenye mshono mbaya. Mama akanikonyeza nisiseme. Tukalikunja, tukalificha.

Sasa unisamehe, maana nakufikia. Baada ya ujumbe wako nilikwenda kwa mchungaji wetu wa Taita nikamuuliza waziwazi, je, nilichofanya ni dhambi? Na je, baba yangu ana haki kuniambia niache fasihi? Nilitumaini atanipa jibu la kukuandikia, jibu la mtu mkubwa lenye aya. Akatafuta miwani, akaipata, akasema, "Mimi naweza kukuonyesha walivyolia watu wa kale. Kuhusu bibi yako sijui, sikumzika mimi. Hilo kamwulize aliyemzika." Nikaudhika kidogo. Niliporudi chumbani nikaona amesema kweli.

Basi Ijumaa nilikwenda ofisini. Sikubadilisha. Nimebaki na yote mawili, fasihi ya Kiingereza na dini, na nimekuambia mwenyewe usije ukasikia kwa mteja. Sikufanya hivyo kwa kiburi. Nakupenda, Baba, na kama ningedhani kwamba moja litaniondoa kwako au kwa Mungu, ningeliacha siku hiyo hiyo. Naliona kinyume. Siku nikisimama mbele ya watoto wa shule huko kwetu, nataka nifundishe kusoma kwa kichwa na kwa moyo, na sijui jinsi ya kufundisha kimoja bila kingine. Bado naomba asubuhi. Bado naomba kwa maneno uliyonifundisha, ila siku hizi naongeza na yangu.

Msalimie Mama, mwambie karanga zimekwisha na Mwende ndiye aliyezimaliza. Msalimie Baba Mdogo Ouma, na umwambie ujumbe aliufikisha vizuri, asijilaumu. Msalimie dada Awuor na mumewe, na mtoto wao ambaye nasikia ameanza kutembea na kuangusha vitu. Na Shangazi Perez wa kule Awasi, anayelitunza boma la Dani, mwambie nitamletea kitambaa cha kichwa, asichague rangi, nitachagua mimi. Jirani yako wa kibandani, fundi wa viatu, msalimie pia, na umwombe akutazamie mguu, maana wewe unasema ni viatu.

Krismasi nitakuja. Nina ombi moja, na ukilikataa nitakubali, kwa sababu boma ni lako. Nataka twende Awasi, mimi, wewe na Mama, na utume mtu Sondu awaite wale wanawake, waliobaki. Nimekwisha kumlilia Dani, kwa hiyo si kwa ajili yangu. Mimi nitakushikia koti. Wewe ndiye uliyeachwa, Baba, na hakuna mtu yeyote, wala kanisani wala nyumbani, aliyekuuliza siku ile kama ungependa kumlilia mama yako. Mimi nakuuliza.

Mtoto wako anayekuheshimu,

Akinyi