Tui Nililolipiga Marufuku

Mama yangu,

Shikamoo, na ya Baba mpe kabla hujaendelea kusoma. Magoti yanaendeleaje? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku Uingereza imenipasua midomo mpaka kucheka naogopa.

Mdogo wangu Mwanaidi kanipigia, akasema Baba anaacha chakula sahanini, amekonda, na wewe huna tena raha ya kupika. Mama, nililia. Najua ni mimi. Nilipokuja Malindi likizo, mtoto wa juzi, nilisimama jikoni mwako nikapiga marufuku tui, eti mafuta yake yatamuua Baba na presha yake. Nikaichukua na ile mbuzi ya kukunia nazi uliyopewa na bibi ulipoolewa, nikakwambia nimeigawa. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Haya, mwanangu. Lakini ungeanza kwa kuuliza chai yake ya barazani ina vijiko vingapi vya sukari."

Sasa sikia kazi yangu mpya. Napika kwenye jiko la chuo ambako wanachunguza watu na vyakula. Wali naupima kwenye mizani, karibu punje kwa punje! Hao wanaochunguzwa, wakiwa kwao, huandika daftarini kila walichokula. Wiki iliyopita mzee mmoja akaninong'oneza, "Keki siiandiki, mke wangu ataiona." Wallahi nilicheka, midomo ikatoka damu. Nikamweleza mkuu wetu, mwanamke aliyesomea mambo haya mpaka akaota mvi. Hata hakushangaa. "Ndiyo shida yetu, tunategemea madaftari hayo," akasema. "Mafuta tuliyalaumu kwa uhakika ambao hatukuwa nao, na mpaka leo tunabishana."

Loo! Nami nilidhani hawa wameshajua yote.

Nikakukumbuka wewe. Huandiki popote, lakini unajua nani kala nini na nani kasukuma sahani, kwa sababu umesimama papo hapo. Tui zito unatia mwishoni, tena kidogo. Nilipomsimulia habari ya sukari ya barazani, yule mkuu akaniuliza, "Mama yako amesomea wapi?" Nikamwambia, jikoni. Akasema angekuajiri kesho. Nilijisikia fahari mpaka nikakosea kupima wali.

Sisemi tui ni dawa, Mama. Mimi sijui. Vidonge Baba ameze vilevile, na daktari mumuulize kuhusu tui, ila na hiyo sukari aambiwe ukweli. Lakini kukuvunja moyo jikoni mwako kwa maneno niliyoyaokota kwenye simu, hapo nilikosea sana. Nisamehe.

Nisalimie Mwanaidi, shangazi yetu muuza viazi karai, na jirani yetu anayeazima kinu chako na kusahau kukirudisha.

Mbuzi yako sikuigawa. Nilifika nayo mlangoni pa watu nikashindwa. Iko hapo nyumbani, chumbani kwangu juu ya kabati, nyuma ya sanduku, nimeiviringisha kwenye kanga yako. Ishushe, kisha mwambie Baba leo asinywe chai barazani, aje na njaa yake nyumbani.

Mwanao mwenye kichwa kigumu,
Zuhura