Kiti cha Gitaa la Pedali

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi. Habari za huko, na kifua chako kinavumiliaje baridi? Wifi naye, mgongo umepata nafuu? Sisi huku ni wazima. Mama anashona kama kawaida, ila uzi kwenye sindano sasa namtungia mimi. Nami bado napiga pasi pale kwa dobi, mvuke haujanimaliza.

Tumefurahi sana kusikia kwamba unarudi mwishoni mwa mwaka. Nimeandika hivyo kwa sababu mama ameniambia niandike hivyo.

Sasa habari za gitaa. Lile gitaa la pedali uliloniletea likizo iliyopita, ukalifunga miguu na pedali zake harakaharaka huku teksi ikikupigia honi nje, nimelipiga kila jioni nikitoka kazini, miguu imevimba kwa kusimama. Mwanzoni lilikuwa linalia kama mlango usiotiwa mafuta, hata jirani yetu kinyozi akaniuliza tunafuga mnyama gani. Taratibu mkono ukazoea kutelezesha kile kipande cha chuma juu ya nyuzi, mguu nao ukazizoea pedali, na siku moja wimbo mzima ukatoka. Mama aliacha cherehani akaja kusimama mlangoni. Nililia, Kaka, sikufichi.

Ndipo nikajipa moyo, nikaenda kwa Mzee Besi, yule mwenye bendi ya hotelini, maana nilisikia kiti cha gitaa hilo kiko wazi. Nilikitaka kiti kile kuliko kitu chochote. Wao wana gitaa lao. Nikakaa, nikakanyaga pedali ya kwanza, ikatoka sauti ya pedali ya tatu. Nikakanyaga ya tatu, ikatoka ya kwanza. Mpiga ngoma alicheka hadi akaangusha kijiti. Mzee Besi akainama kutazama miguu yangu, akaniuliza, "Binti, aliyekufungia gitaa lako ana ugomvi na wewe?"

Kumbe vile vyuma vyembamba vinavyopanda kutoka kwenye pedali uliviunganisha kinyume, na nyimbo zote nilizojifunza mguu wangu unazijua kinyume.

Nisingekasirika kwa hilo peke yake, haraka ni haraka. Lakini uliponitumia video yako ukipiga, nilikuuliza mbona mguu wako unaanzia kushoto na wangu unaanzia kulia. Ukanijibu, "Kila gitaa na tabia yake, wewe piga tu." Kama ulijua, ulinidharau. Kama hukujua, basi hukujishughulisha hata kufikiri kidogo kwa ajili yangu, na sijui lipi linaniuma zaidi.

Niliazima plaizi, nikaviunganisha upya mwenyewe. Nikaanza moja. Mguu ulikataa, nikautukana, mwisho ukakubali. Nikarudi kwa Mzee Besi, nikapiga, na safari hii hakuna aliyecheka. Alisema nimeiva. Kisha akakuna kichwa, akasema tatizo ni kwamba kiti hicho wewe ulishamwomba kwa simu, naye amekuahidi.

Hivyo ndivyo nilivyojua kinachokurudisha. Kila ulipopiga simu ulikuwa unaniuliza, "Mazoezi vipi, mdogo wangu?" Nami nakujibu kwa furaha, kama mjinga.

Nimemweleza mama kwamba kiti ni kimoja na tunaokitaka ni wawili. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Kaka yako ndiye anayerudi, mwanangu. Wewe upo tu."

Msalimie sana wifi, na Kadogo wenu mbusu kwenye mashavu yote mawili, yeye hana kosa. Shangazi anawasalimu, kinyozi pia. Mungu awatunze na awafikishe salama. Hilo naliomba kwa moyo mmoja, na hasira zangu zisilizuie.

Limebaki hili, ndilo hasa mama aliloniagiza nikuandikie. Gauni la jukwaani alilokuwa ameanza kunishonea amelifumua. Kitambaa kinatosha shati lako, na anaomba umtumie kipimo cha shingo.

Wako akupendaye, hata leo,
Mdogo wako.